Tizi kali inaweza kukuletea ugonjwa wa neva? Soma hii kabla uache jimu

Kama wewe ni wa kuamka saa kumi na moja alfajiri upige tizi kabla ya kupanda matatu ya kazini, kuna habari ambayo pengine imeshakufikia kwa simu: mazoezi makali yanahusishwa na ugonjwa usio na tiba, unaokausha misuli hadi mtu anashindwa kupumua. Kawaida huja na picha ya mwanaraga mkubwa, kifua kama mlango, akiwa kwa kiti cha magurudumu. Halafu kuna yule beshte wako asiyependa jasho. Yeye huituma kwa grupu la WhatsApp na maneno mawili tu: "Nilisema nini?"

Habari yenyewe si uongo. Kuna wanasayansi wa maana ambao wametumia zaidi ya miaka 20 kuchunguza jambo hili, na kuna vitu wamepata ambavyo huwezi kuvipuuza. Lakini kati ya kile walichopata na kile kinachosambazwa kwa grupu, kuna umbali kama wa Nairobi na Lodwar. Na umbali huo una gharama, kwa sababu kuna mtu ataacha kukimbia leo kwa kuogopa ugonjwa adimu, kisha apatwe na presha au kisukari, magonjwa ambayo si adimu hata kidogo.

Kwa hivyo tuipitie polepole.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ukitaka kuinua kikombe cha chai, amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kupitia uti wa mgongo, kisha inafika kwa misuli ya mkono. Seli za neva zinazobeba amri hiyo huitwa niuroni za mwendo. Fikiria nyaya za stima. Baadhi yake ni ndefu ajabu: seli moja tu inayoanzia mgongoni na kuishia mguuni inaweza kuwa na urefu wa karibu mita moja.

Katika ugonjwa huu seli hizo zinakufa, moja baada ya nyingine. Waingereza huuita MND kwa kifupi. Wamarekani huuita ALS, ambayo ni aina yake inayopata watu wengi zaidi. Misuli isiyopokea amri inakonda. Inaweza kuanza na mkono unaoshindwa kufungua chupa, au mguu unaokwaruza chini ukitembea, au ulimi unaotamka maneno kama mtu aliyelewa. Baadaye kumeza kunakuwa shida, halafu kupumua. Wagonjwa wengi hufariki kati ya miaka 2 na 5 baada ya dalili kuanza. Kinachouma zaidi ni kwamba kwa wengi akili inabaki macho, inatazama mwili ukizima.

Mwanafizikia Stephen Hawking ndiye pengine unayemjua. Aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka wa 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018. Usimtumie kama kipimo. Hawking alikuwa wa kipekee kwa kila njia.

Na kama ulikuwa mtandaoni mwaka wa 2014, basi uliona watu wakijimwagia ndoo za maji ya barafu. Ile haikuwa kiki ya bure. Mmoja wa vijana walioivumisha, Pete Frates, aliwahi kuwa nahodha wa timu ya besiboli ya chuo kikuu huko Boston. Aligunduliwa na ALS mwaka wa 2012 akiwa na miaka 27, akafariki Desemba 2019 akiwa na miaka 34. Ndoo zile ziliingizia shirika la ALS la Marekani dola milioni 115, na sehemu ya pesa hizo ilisaidia kugunduliwa kwa jeni iitwayo NEK1 mwaka wa 2016.

Ona tena: mwanamichezo. Hapo ndipo swali letu linaanzia.

Orodha inayotisha

Marekani, watu wengi hawasemi ALS. Husema ugonjwa wa Lou Gehrig. Huyu alikuwa mchezaji wa besiboli wa New York Yankees aliyecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia 1925 hadi 1939. Walimwita Farasi wa Chuma. Alianza kushindwa na vitu vidogo uwanjani, mwaka wa 1939 akaambiwa ana ALS, na akafariki tarehe 2 Juni 1941 akiwa na miaka 37.

Mashabiki wa raga mnamjua Joost van der Westhuizen, yule skramu-hafu wa Afrika Kusini aliyemwangusha Jonah Lomu katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1995. Aligunduliwa 2011, akafariki Februari 2017 akiwa na miaka 45. Doddie Weir wa Scotland, jitu la karibu mita mbili lililochezea taifa mara 61, alitangaza hali yake Juni 2017 na kufariki Novemba 2022. Rob Burrow wa Leeds Rhinos, aliyekuwa mfupi kuliko karibu kila mtu uwanjani lakini akatwaa mataji 8 ya ligi kuu ya raga ya wachezaji 13, aligunduliwa Desemba 2019 na kufariki tarehe 2 Juni 2024. Alikuwa na miaka 41. Ukiangalia vizuri, ni tarehe ileile aliyofariki Gehrig. Oktoba 2025, Lewis Moody, bingwa wa dunia wa 2003 na nahodha wa zamani wa Uingereza, naye akatangaza kwamba anao.

Ukisoma majina hayo kwa mpigo, unaona ni kama kesi imefungwa. Lakini ngoja kidogo.

Mwanaraga maarufu akiugua, dunia nzima inaandika. Mama mboga wa Githurai akipata ugonjwa huohuo, hakuna kamera inayokuja. Majirani watasema ni stroku, au amerogwa, au ni mambo ya shamba na mashemeji. Kwa hivyo kichwani mwako unabaki na wanamichezo kumi unaowajua na maelfu ya watu wa kawaida ambao hukuwahi kuwasikia. Majina hayawezi kukupa jibu. Unahitaji mtu aketi ahesabu: wanamichezo wangapi walicheza, wangapi wakaugua, na wangapi tungetarajia waugue hata kama hawangegusa mpira?

Waliohesabu walipata nini

Cha kushangaza, mojawapo ya hesabu za kwanza nzito ilianzia kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Raffaele Guariniello wa mjini Turin, Italia, alikuwa anachunguza matumizi ya dawa za kusisimua misuli katika soka. Alipofuatilia vifo vya wachezaji wa zamani, ALS ilikuwa inajitokeza kuliko ilivyopaswa. Wanasayansi wakachukua hoja hiyo. Mwaka wa 2005, kundi lililoongozwa na Adriano Chiò lilichapisha matokeo kuhusu wachezaji 7,325 waliocheza Serie A na Serie B kati ya 1970 na 2001. Waliougua walikuwa 5. Waliotarajiwa walikuwa 0.77, yaani hata mmoja hajatimia. Hiyo ni zaidi ya mara 6.

Mwaka wa 2008, Stefano Borgonovo, mshambuliaji wa zamani wa AC Milan na Fiorentina, alijitokeza hadharani akiwa na ugonjwa huo. Italia ikashtuka. Alifariki 2013 akiwa na miaka 49.

Marekani nao wakahesabu wachezaji wa NFL. Utafiti wa 2021 ulifuatilia wanaume 19,423 waliocheza mechi yao ya kwanza kati ya 1960 na 2019. Walioshikwa na ALS walikuwa 38, karibu mara 4 ya ilivyotarajiwa. Scotland, Willie Stewart na wenzake wakawafuata wanaraga 412 wa zamani wa timu ya taifa, wakawalinganisha na watu wa kawaida wa umri na mitaa inayofanana. Matokeo yao ya 2022 yalisema hatari ya MND kwa wanaraga hao ilikuwa mara 15. Wagonjwa wenyewe walikuwa wachache sana, kwa hivyo hiyo 15 ishike kwa mikono miwili, isikuponyoke. Lakini mwelekeo ni uleule.

Sasa utasema: hao wote wanagongwa vichwa. Raga, futiboli ya Marekani, hata soka kuna kupiga mpira kwa kichwa. Pengine shida ni kichwa, si jasho. Hoja safi. Ndiyo maana utafiti wa Sweden ni wa maana.

Kila Machi, Sweden huwa na mbio za kuteleza kwenye theluji ziitwazo Vasaloppet, kilomita 90. Hakuna anayekugonga. Ni mapafu, miguu na mikono tu. Watafiti walichukua zaidi ya watu 200,000 walioshiriki kati ya 1989 na 2010 na kuwalinganisha na Waswidi wasioshiriki. Walioteleza kwa kasi ya juu kabisa, wale waliomaliza karibu na mshindi, walikuwa na hatari zaidi ya mara 4 ya wale waliofika nyuma kabisa. Lakini walioteleza kwa raha zao, wakafika mwisho nyuma kabisa, walikuwa na hatari *ndogo* kuliko watu wasioshiriki.

Soma hiyo sentensi tena. Mbio ni zilezile, theluji ni ileile. Walio mbele kabisa wana hatari zaidi, walio nyuma wana hatari ndogo.

Halafu mambo yanageuka

Kama ushahidi wote ungekuwa wa upande mmoja, ningemalizia hapa. Lakini wapi.

Wale Waitaliano waliohesabu wanasoka waliangalia pia waendesha baiskeli wa kulipwa na wachezaji wa mpira wa vikapu. Hawakupata mgonjwa hata mmoja. Na kama kuna mchezo unaokamua mwili hadi tone la mwisho, ni kupanda milima ya Italia kwa baiskeli.

Mwaka wa 2014, utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliwauliza wagonjwa 652 na watu wazima wa afya 1,166 kuhusu mazoezi waliyofanya maishani. Waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na hatari *ndogo*. Miaka minne baadaye, utafiti mwingine wa Ireland, Italia na Uholanzi, wenye wagonjwa 1,557, ukasema kinyume: kadiri shughuli za mwili zilivyozidi maishani, hatari iliongezeka kidogo.

Kisha 2024 wakaja Wanorway na data kubwa. Watu 373,696 waliopimwa afya wakiwa na wastani wa miaka 41 hivi, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 27. Waliougua ALS walikuwa 504. Wanaume waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 41. Wale ambao moyo wao ulipiga polepole wakiwa wamepumzika, jambo linaloonyesha mtu yuko fiti, nao walikuwa na hatari ndogo. Kwa wanawake hakukuonekana tofauti yoyote.

Unachanganyikiwa? Ni sawa. Lakini usirukie kusema "wanasayansi hawajui chochote". Kuna sababu za hii vurugu, na ukizielewa hutadanganywa tena na kichwa cha habari cha afya, kiwe cha MND, kahawa au mayai.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Mgonjwa ukimuuliza alifanya mazoezi kiasi gani miaka 20 iliyopita, ameshatumia usiku mwingi akijiuliza "kwa nini mimi?" Atakumbuka kila kilomita. Mtu mzima wa afya atasema "ah, kiasi tu". Tofauti inaonekana kwa karatasi hata kama haikuwepo kwa miguu. Tafiti za Sweden na Norway zilikwepa mtego huu kwa sababu ziliandika data kabla mtu hajaugua.

Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Inawezekana baadhi ya watu wamezaliwa na mwili mwembamba, mwepesi, wenye kasi, na mwili huohuo ndio uliobeba hatari ya ugonjwa. Hapo mchezo haukuleta ugonjwa. Mwili ndio uliwaleta wote wawili.

Sababu ya tatu ni kuweka kila kitu kwa kapu moja na kukiita "mazoezi". Mchezaji wa NFL, mtelezaji wa Vasaloppet, mjenzi anayebeba mawe siku nzima na wewe wa skwati tatu kwa wiki, hamfanyi kitu kimoja. Norway ilipima watu wa kawaida. Italia ilipima wanaolipwa. Inawezekana zote mbili zinasema ukweli.

Jeni na ngazi

Kipande kinachosaidia kuunganisha mambo kinatoka Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Mwaka wa 2021, kundi la akina Johnathan Cooper-Knock na Pamela Shaw lilitumia hazina ya data ya UK Biobank, yenye watu nusu milioni, kuangalia swali hili kwa njia ya jeni.

Hesabu ya kawaida ni kwamba wagonjwa 5 hadi 10 kati ya kila 100 wana ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Jeni inayohusika zaidi, hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya, inaitwa C9orf72, iliyogunduliwa 2011. Watafiti wa Sheffield waliona kwamba mazoezi makali hubadilisha jinsi jeni nyingi zinazohusiana na MND zinavyofanya kazi mwilini. Pia waliona kwamba, kati ya wagonjwa wenye hitilafu ya C9orf72, waliokuwa wamefanya mazoezi makali zaidi ndio walioanza kuugua wakiwa na umri mdogo zaidi.

Inafanyaje kazi? Maelezo wanayoyafuatilia ni haya. Niuroni za mwendo ni seli zinazokula nishati nyingi. Ukisukuma mwili hadi mwisho, seli hizo hufanya kazi ya ziada na kutoa uchafu wa kikemikali unaoweza kuziumiza. Kwa watu wengi, mwili unasafisha, unatengeneza, na unatoka hapo ukiwa na nguvu zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kufanya mazoezi. Kwa mtu aliyezaliwa na hitilafu katika kikosi hicho cha usafi, takataka zinaweza kubaki.

Kuna wazo lingine linaloingia vizuri hapa. Mwaka wa 2014, Ammar Al-Chalabi na wenzake walipiga hesabu za umri ambao watu huugua, wakaona zinalingana na ugonjwa unaohitaji hatua 6 hivi ili uanze. Fikiria ngazi ya vidato sita. Umri ni sababu, jeni ni sababu, pengine sumu fulani, pengine kuumia, pengine mazoezi ya kupitiliza kwa wachache. Kidato kimoja hakikufikishi juu. Baadaye walionyesha kwamba mtu mwenye hitilafu ya C9orf72 anahitaji hatua 3 tu hivi, kwa sababu amezaliwa akiwa tayari amepanda nusu ya ngazi.

Ukiliangalia hivyo, ile vurugu inapungua. Mtu mwenye hatua 6 mbele yake anaweza kukimbia hadi uzeeni asifike popote karibu na ugonjwa. Mwenye hatua 3 yuko kwa hesabu tofauti. Ukiwachanganya wote kwa utafiti mmoja, majibu lazima yavurugane. Swali linalowashughulisha watafiti sasa ni mazoezi *ya nani*, na makali *kiasi gani*.

Mara nne ya nini?

Hapa ndipo grupu la WhatsApp hupotea kabisa, kwa hivyo shika kalamu.

"Hatari mara 4" inasikika kama hukumu. Lakini mara 4 ya nini? Ukinunua tiketi nne za jackpot badala ya moja, umeongeza nafasi yako ya kushinda mara nne. Hakuna mtu atakushauri uache kazi kesho.

Rudi kwa zile namba. NFL: 38 kati ya 19,423, yaani mchezaji 1 kati ya 511 hivi. Italia: 5 kati ya 7,325, mchezaji 1 kati ya 1,465. Wengi wao bado walikuwa na miaka mingi ya kuishi wakati hesabu ilipofungwa, kwa hivyo namba zinaweza kupanda. Kwa kulinganisha, Uingereza hukadiria kwamba mtu 1 kati ya 300 hivi atapata MND katika maisha yake yote, uzee ukiwemo. Tatizo la wanamichezo hawa ni kwamba inawapata baadhi yao mapema, hata miaka ya 40, wakati wengi wanaougua huwa na miaka kati ya 50 na 70.

Hata ukiwa staa wa NFL basi, uwezekano mkubwa kabisa ni kwamba hautapata ugonjwa huu. Na wewe wa kilomita tano pale Karura Jumamosi, pole, lakini wewe si staa wa NFL.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mnamo 2022, karibu watu wazima 31 kati ya kila 100 duniani hawakufikia kiwango hicho. Kutofikia kunaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, stroku, kisukari na baadhi ya saratani. Hayo ndiyo tunayozikana nayo kila wikendi.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, endelea na tizi. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hii niliyokutajia ambao waandishi wake walisema watu waache mazoezi.

Pili, uliza maswali nyumbani. Kama kuna mzazi, shangazi au babu aliyefariki baada ya misuli kukonda na sauti kupotea, usikubali ifungiwe kwa sanduku la "alirogwa". Hiyo ni habari ya afya ya ukoo wenu. Mwambie daktari. Kama umo kwenye familia ya namna hiyo na unataka kuingia kwa michezo ya kukamua mwili hadi mwisho, hapo ndipo ushauri wa mtaalamu una thamani. Lakini pia elewa kwamba C9orf72 ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na ni adimu Japani na Uchina. Usichukue hesabu za Sheffield ukazibandika kwa Kakamega jinsi zilivyo.

Tatu, jua dalili, na pia jua kisicho dalili. Wasee wa jimu huogopa sana misuli ikianza kuchezacheza yenyewe baada ya mazoezi. Mara nyingi sana ni uchovu, kukosa usingizi, kahawa au mawazo. Kuchezacheza bila udhaifu, kwa kawaida, si MND. Kinachotakiwa kukupeleka hospitali ni *udhaifu*: mkono unaopoteza nguvu wiki baada ya wiki, kufunga vifungo kunakuwa kazi, mguu unajikwaa upande uleule, misuli ya kiganja inabonyea, ulimi unateleteza maneno. Mara nyingi hauumi. Kama kinachokusumbua ni maumivu makali ya mgongo au ganzi, pengine ni kitu kingine, na kinatibika. Vyovyote vile, uchunguzwe.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "ni MND". Daktari wa neva hukuchunguza, hupima umeme wa misuli, na kuondoa magonjwa mengine moja moja. Hapa kwetu madaktari hao ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo ukiona udhaifu unaoendelea usisubiri miezi sita ukijipaka mafuta.

Dawa? Riluzole ipo tangu 1995, nayo huongeza miezi michache tu. Aprili 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, kwa wagonjwa wenye hitilafu ya jeni ya SOD1, ambao ni kama 2 kati ya kila 100. Ni wachache, lakini ni mara ya kwanza dawa inalenga chanzo chenyewe cha kijeni. Ilipatikana kwa sababu watu walikubali kuchunguza jeni badala ya kubishana kuhusu lawama.

Na pesa za uchunguzi huo zinatoka wapi? Kevin Sinfield, aliyecheza na Rob Burrow pale Leeds, alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 mnamo Desemba 2020 na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 2. Mei 2023 alimsukuma Burrow kwa kiti cha magurudumu kilomita zote 42 za marathoni ya Leeds. Walipokaribia mstari wa mwisho alisimama, akambeba mikononi, na wakauvuka pamoja.

Watu wanaoujua ugonjwa huu kuliko yeyote bado wanafunga viatu na kukimbia. Ukimaliza kusoma, itume hii kwa lile grupu, halafu uende tizi.